Mkono wa Mama Sachiko

Tangu kiharusi kimpate, mkono wa kushoto wa Mama Sachiko ulikuwa umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Katungu, aliyemhudumia katika nyumba ya wazee karibu na Blacktown, ndiye aliyeuinua, akauosha, akaukausha na kuurudisha mahali pake. Hilo alilizoea. Lakini asubuhi moja ya Agosti 2021, Sydney ikiwa imefungwa na wageni hawaruhusiwi kuingia, bibi huyo wa Kijapani alimwomba jambo jipya: amwazime mkono wa kusalia.

"Kusali kwa nani?" Katungu aliuliza nyuma ya barakoa.

"Kwa mungu wa msitu wa kwetu. Nilipelekwa pale nikiwa mtoto wa mwezi mmoja. Nataka kumsalimu kabla sijafa. Noriko atanitembeza kwa simu."

Noriko alikuwa binti yake, aliyebaki Japani.

Mbula, Mkenya aliyekuwa naye zamu moja, alisikia yote akiwa mlangoni. "Dada Katungu, kiongozi wa maombi, leo unaabudu miti? Nitamwambia pasta."

"Mwambie. Umwambie pia nani alikula keki ya Mama Sachiko."

Mbula akaenda zake.

Kwenye tableti ukatokea msitu wa mierezi, miti ambayo Katungu aliijua kwa jina tu, kutoka kwenye Biblia. Likafuata lango refu la mbao, bila ukuta wala mlango.

"Sasa hili linamzuia nani?" Katungu aliuliza.

"Halimzuii mtu," Mama Sachiko alijibu. "Linakuambia umefika."

Noriko aliinama, akapita, akashika pembeni mwa njia ya mawe. Katikati, mama yake alieleza, ni pa mungu. Katungu akaitazama ile nafasi tupu katikati ya mawe kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia. Penye maji ya kunawa, kata za kuchotea zilikuwa zimeondolewa kwa ajili ya korona.

"Kumbe hata huko kuna masharti," alisema. Kisha akaona mwerezi mnene uliozungushiwa kamba ya majani makavu. "Na huo umekosa nini hadi ufungwe?"

"Haujafungwa. Umeheshimiwa."

Katungu akafikiria kwao. Kule Butembo kulikuwa na kichaka ambacho mama yake alikipita bila kusema neno, na hakuwahi kueleza kwa nini. Sasa hakuwepo tena wa kuulizwa.

Hekalu lenyewe lilikuwa dogo, jeusi kwa uzee. Noriko alisema lina zaidi ya miaka mia sita. Utaratibu ulikuwa kuinama mara mbili, makofi mawili, kuinama tena. Mama Sachiko aliinama mara mbili, kisha akauinua mkono wa kulia, ukabaki hewani ukingoja mwenzake.

Katungu alizijua amri kumi kwa moyo. Lakini alikumbuka pia mwezi wa tano, alipomzika mama yake kupitia simu kwa sababu mipaka ilikuwa imefungwa. Binamu yake Kalume alichota udongo, akasema, "Huu ni wa Katungu," akautupa kaburini. Naye, huku Sydney, alihisi ameutupa mwenyewe.

Yesu, mimi unanijua, aliomba kimoyomoyo. Mtazame na huyu.

Akakiweka kiganja chake mbele ya kile cha bibi. Kofi la kwanza lilitoa sauti ya mfuko wa plastiki, kwa sababu ya glavu. Likafuata la pili. Kisha mkono ukasahau uko wapi: la tatu, la nne, la tano, kwa mdundo wa kwaya ya Jumapili.

"Mawili," Mama Sachiko alisema. "Mawili tu. Tunamwita, hatumfukuzi."

Noriko alicheka hadi msitu ukatikisika kwenye kioo. Wakaanza upya. Makofi mawili. Mama Sachiko akainama, akakaa hivyo kwa muda, na Katungu akamshika bega asije akaanguka.

"Turudie Jumapili?" bibi aliuliza alipoinuka.

"Jumapili nina ibada yangu kwa simu," Katungu alijibu. "Tufanye Jumamosi."