Ukuta wa Tusekile

Tusekile wa kijiji cha Ipyana alikuwa mtu mwema, ila usimgusie nyumba yake. Ukisogeza kigoda, ameona. Ukiegemea ukuta alioupamba kwa udongo mweupe na mwekundu, utaondoka na doa mgongoni na maneno masikioni. Mumewe Asegelile, aliyejifunza useremala misheni, alimletea meza. Tusekile akasema imekaa katikati ya chumba kama mgeni asiyejua kuaga. Mume akapigilia msumari wa kutundikia koti. Ukang'olewa kabla koti halijafika. Na dirisha, ambalo siku zile za Mjerumani lilikuwa jambo geni, ndilo lililomkera kuliko vyote.

"Asegelile, umenijengea nyumba au umenianika? Wapita njia wanahesabu vyungu vyangu!"

Hata hivyo, chumba kile kimoja alikipenda, tena sana. Alikipiga sakafu kwa samadi na udongo mpaka ukawa unaona haya kukanyaga.

Masika moja mvua ikaangusha kibanda cha baba mkwe wake, mzee Andongwisye. Ndugu wakakaa kikao, wakaamua apelekwe kwa mwanawe mkubwa, Rungwe, juu milimani. Mzee alikuwa na kifua kibovu. Baridi ya kule ingemmaliza. Kila mmoja alilijua hilo na hakuna aliyelisema. Lakini angekaa vipi kwa Asegelile? Kwa Wanyakyusa mkamwana hatazamani na baba mkwe, hasemi naye, wala halitamki jina lake. Akimwona njiani, anaingia migombani mpaka apite. Watu wa namna hiyo utawawekaje chini ya paa moja?

"Kigawe," Tusekile alimwambia mumewe.

"Kipi?"

"Chumba. Jenga ukuta wa mianzi katikati, ukandike. Toboa mlango mwingine upande wa migomba. Baba akae upande wa dirisha na ng'ombe wake."

"Mapambo yako yote yako upande ule."

"Nimesema kigawe. Na meza yako iende huko huko."

Basi mzee akahamia na ng'ombe wake. Ukuta ukamkera Tusekile kila siku ya Mungu: ulikula mwanga, ulibana vyungu, ulipinda kidogo kwa juu. Mzee naye alikuwa na kero zake. Kwa kuwa hawakuruhusiwa kusemezana, kila mmoja alijitafutia wa kusema naye.

"Wewe ng'ombe," mzee alipaza sauti, "nyumba hii vyungu vinagonganishwa tangu jogoo la kwanza. Wenyewe hawalali?"

Upande wa pili Tusekile alikiinamia chungu chake cha wafinyanzi wa Ikombe. "Wewe chungu, kuna anayetema tumbaku ukutani. Nilidhani ni ng'ombe, kumbe ng'ombe ana adabu zake."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Majirani walilalamika kwamba hiyo nayo ni kuongea na mkwe. Tusekile akawauliza tangu lini chungu kimekuwa mkwe wa mtu. Wakaenda zao, na miaka ikapita hivyo, ya raha kabisa.

Vita vilipokuja, Asegelile alichukuliwa kubeba mizigo ya askari, pamoja na wanaume wengi wa kijiji. Mzee akaugua. Tusekile aliweka kibuyu cha uji kwenye mlango wa mzee kila asubuhi, akageuka, akaenda zake. Jioni moja akakuta kibuyu kimejaa vile vile. Akarudi upande wake, akatega sikio.

"Ng'ombe," sauti ilikuwa ndogo mno, "uji uko mlangoni. Miguu ndiyo haipo."

Tusekile alisimama mbele ya ule ukuta. Kuingia kule kungekuwa kumvunjia mzee heshima yake yote, na hiyo ndiyo mali pekee aliyobaki nayo. Kutoingia ni kumwacha afe kwa njaa, hatua chache kutoka jikoni. Akachukua jembe. Akatoboa ukuta chini kabisa, pale ulipokuwa mkeka wa mzee, udongo ukimwagika juu ya sakafu yake nzuri. Akajifunika uso kwa nguo, akalala kifudifudi, akapitisha mkono mpaka begani, na kata ya uji mkononi.

 Kisha akasikia mzee anajikokota, na kata ikawa nyepesi.

Akamlisha hivyo asubuhi na jioni. Alimpenda mzee yule, wala hakuwa na njia nyingine ya kumwambia. Mpaka siku moja vidole vyembamba, vya baridi, vikamshika mkono, na mzee akasema naye mwenyewe kwa mara ya kwanza.

"Tusekile. Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo, asante sana."

Machozi yakamlowesha nguo usoni. Alijua kujibu ni mwiko. Alijua pia kwamba siku za mzee zimekwisha.

"Kula, baba," akasema. "Uji unapoa."