Povu la Vidole Viwili pale Feu Rouge

Saa moja kasoro robo asubuhi, Feu Rouge, njia panda yenye taa katikati ya Bukavu. Taa imegeuka nyekundu, na nyekundu ya hapa si ya mchezo: inakaa karibu dakika mbili nzima. Magari tisa yamesimama. Wasafisha vioo wanashuka kutoka ukingoni, ndoo mkono huu, kitambaa mkono ule.

Gari la tatu ni teksi, Peugeot 404 ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Msafishaji mmoja mgeni, aliyefika wiki hii kutoka Shabunda, anakikimbilia kioo chake cha mbele. Kabla hajakigusa, sauti zinamrukia kutoka pande zote: “Acha! Ile iko na mwenyewe.” Mgeni anaurudisha mkono haraka.

Ndipo anapokuja mtu mwembamba, taratibu, kama anayekwenda kupokea komunyo. Anachovya vidole viwili katika povu la ndoo yake, anaweka doa moja kwenye pembe ya juu kulia ya kioo, anarudi nyuma. Basi. Hafuti wala hamwagi maji. Ndani ya teksi, shofere anaachia pumzi na kumpungia mkono.

Mwandishi huyu, aliyekuwa kiti cha nyuma, hana gari ila ana ulimi. Kwa miaka mingi amewasema vibaya wasafisha vioo wa Feu Rouge bila kuombwa, kama wao wanavyoosha bila kuombwa. Kwa hiyo aliuliza: kuna nini katika povu lile?

Shofere ni Bisimwa, umri wa miaka arobaini na sita, mkazi wa Kadutu. Kanisani bado wanamwita Polycarpe, kwenye karatasi za serikali, tangu majina ya Kikristo yakatazwe, hawathubutu. Ameshika usukani miaka ishirini na miwili, na ile 404 si yake.

“Kila asubuhi mi naomba Mungu vitu mbili,” alisema. “Mukate na hii pare-brise. Siku ingine naanzia na pare-brise.”

Alionyesha kioo cha mbele kwa kidole bila kugusa. Kutoka pembe ya chini kushoto ulipanda ufa, ukapinda, ukaelekea katikati. Kandokando ya ufa kulikuwa na nukta nyekundu zimepangwa. Ni rangi ya kucha ya mke wake, Monique. Kila ufa ulipokua, Bisimwa alitia nukta pale ulipofika, apate kujua adui amesogea kiasi gani.

Ufa ulizaliwa Juni mwaka jana, 1986, kwenye barabara ya kutoka Minova. Lori lililokuwa mbele lilirusha jiwe. “Kajiwe kadogo sawa mbegu ya haragi,” alisema Bisimwa. “Nilisikia tu ‘ta’. Nikasema, imeisha.”

Haikuisha siku ile, lakini ilianza. Kioo cha 404 hakikupatikana Bukavu nzima. Ilibidi kiagizwe Bujumbura, kwa bei inayolingana na jasho la Bisimwa la miezi mitatu. Mwenye gari, mfanyabiashara wa Nyawera anayejulikana kama Muzee Marcellin, alikubali kuagiza. Lakini kukubali ni jambo moja na kufika ni jingine. Na aliweka sharti.

“Aliniambia, Bisimwa, siku hii kioo itaanguka mbele ile ingine haijafika, unaniletea funguo. Motokari nitaiuzisha kwa bafundi, kipande kwa kipande. Hakukasirika. Njo ile iliniogopesha.”

Siku njema, baada ya kumpa mwenye gari chake, Bisimwa huenda nyumbani na zaïre mia mbili. Siku mbaya huenda na hadithi. Kwa hizo, na kwa shamba la mihogo la Monique, wanaishi watu saba. Ufa ule ulikuwa umelala juu ya sufuria yao.

Sasa mweke mtu huyo mbele ya Feu Rouge mara kumi na sita kwa siku. “Banamwanga maji, banafinya,” alisema. “Kila mara banafinya, mi nafunga macho. Shofere kufunga macho, unaona wewe mwenyewe.”

Alijaribu kila kitu. Aliwasha vifuta mvua vya kioo. Waliviinua na kuendelea. Alipiga honi, walidhani anawaharakisha. Alibandika karatasi yenye maneno TAFADHALI USIGUSE. Msafishaji mmoja mwenye adabu aliibandua, akasafisha chini yake, akairudisha ikiwa imelowa. Wiki hiyo ufa ulipata nukta ya tano.

Ukombozi ulikuja kwa uzembe. Asubuhi moja ya Agosti, Bisimwa alikipangusa kioo mwenyewe nyumbani kwa kipande cha kikwembe, kitenge kuukuu, akasahau povu la sabuni pembeni. Kufika Feu Rouge, msafishaji alikuja mbio, akaona lile povu, akampita kama aliyeona nyumba yenye msiba. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu alisema ile sentensi: iko na mwenyewe.

Kumbe wasafisha vioo wana sheria. Ameieleza Maman Cibalonza, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye kilemba cha kijani na sauti ya kusimamisha lori. Ndiye mkubwa wa pale, kwa sababu ndiye aliyetangulia.

“Pale sheria iko moja tu,” alisema. “Mwenye kutanguliza povu, motokari ni yake. Mwingine asiguse. Bila ile tungepigana kila siku, na mutu mwenye kupigana haoshi.”

Tangu siku hiyo, kila mara kabla ya kona ya Feu Rouge, Bisimwa alisimama kidogo, akatoa kipande cha sabuni chini ya kiti, akatemea kidole mate, akapaka pembe. Abiria walicheka. Yeye alipita katikati ya ndoo kumi na moja kama mfalme. Siku za mwizi ni arobaini. Za Bisimwa zilipita mia moja.

Lakini povu lisilo na mwenyewe huleta maneno. Wasafishaji walianza kuulizana: ile 404 ni ya nani? Kila mmoja alikana. Ikawa dhahiri kwao kwamba mwenzao mmoja anaficha mteja na kula peke yake. Macho yakamwangukia Venant, yule mwembamba, kwa kuwa ndiye hasemi sana, na mtu asiyesema sana ni rahisi kusemewa. Mwanzoni mwa Desemba Maman Cibalonza alimkataza kukanyaga Feu Rouge.

Bisimwa alimwona siku ya kwanza amekaa ukingoni, ndoo tupu, kitambaa kikavu begani. Siku ya pili alikuwa pale pale, kwenye mvua. Siku ya tatu alimuuliza kupitia dirishani ana nini.

“Banasema mi nakulaka motokari moja kwa siri,” Venant alijibu. “Ile yako, tonton. Na mi sijaigusa hata siku moja.”

Taa ikageuka kijani na Bisimwa akaondoka. Lakini usiku ule, anasimulia Monique, hakumaliza ugali wake. “Nilimuliza kama iko na malaria,” mke wake alisema. “Akasema, hapana, niko na aya.”

Aya, kwa watu wa Bukavu, ni haya. Na Bisimwa anasema wazi kwamba iliuma. Akisema kweli, povu lake limekwisha, na mikono kumi na moja itarudi juu ya kioo kilichofikia nukta ya kumi na mbili. Akinyamaza, mtu mwingine anakosa chakula kwa ajili ya uongo wake. “Nilijiona mwizi,” alisema. “Mwizi wa povu, lakini mwizi.”

Kesho yake, taa ikiwa nyekundu, alizima gari, akafungua mlango, akashuka. Nyuma honi zikalia. Jandarmu wa barabarani akapiga filimbi: “Citoyen, rudi ndani ya motokari.” Bisimwa hakurudi. Alitembea hadi kwa Maman Cibalonza, akanyoosha mkono, akaonyesha kile kipande cha sabuni, chembamba sasa kama sarafu.

“Maman, yule Venant hana kosa,” alimwambia. “Povu ni yangu. Mi mwenyewe naiwekaka.”

Wapo waliotaka kummwagia ndoo. Maman Cibalonza aliwanyamazisha kwa mkono, akaenda mbele ya ile 404, akainama. Aliufuata ufa kwa macho, nukta kwa nukta. Kisha akauliza swali moja: “Sasa juu ya nini haukutuambia?”

“Nilibaambia na honi,” alisema Bisimwa.

Mficha uchi hazai, na hapo ndipo yalipozaliwa mengine yote. Jumapili iliyofuata kesi iliamuliwa Kadutu, uani kwa Maman Cibalonza, mbele ya mtungi wa kasiksi, ile pombe ya ndizi inayopatanisha watu wa huku tangu mababu. Mtungi ulinunuliwa na mkosaji. Wote walikunywa kwa mrija mmoja, Venant wa kwanza, Bisimwa wa mwisho, huku kiu ikimkausha koo. Halafu hukumu ikatoka, na hakuna aliyeitarajia.

“Nilisema hivi,” Maman Cibalonza alikumbuka. “Bisimwa alitudanganya, kweli. Lakini siye tulikuwa tunaweka maji mbele ya kuuliza. Kama tungemuliza, hangetudanganya. Basi ile povu ibakie. Lakini Venant njo ataiweka, vidole mbili, kila asubuhi, na Bisimwa atamulipa sawa vile angeosha kioo yote.”

Sheria ya pili ilipita jioni ile ile. Msafishaji anainua kitambaa kwanza. Shofere akitaka, anawasha taa za gari mara moja. Asipotaka, anaonyesha kiganja, na hakuna kinyongo. Leo hii, hata waheshimiwa wenye abakosi, yale makoti ya kitaifa, zilizonyooshwa kwa pasi, pamoja na madereva wao, wanainua kiganja au wanawasha taa. Mwandishi huyu ameona kwa macho yake, na amekula maneno yake mengi ya zamani.

Tena habari zilienea. Katika mji ambao vipuri ni ndoto, Bisimwa hakuwa peke yake mwenye kioo kigonjwa. Mashofere wengine sita walikuja kwa Venant kutaka povu la vidole viwili, na wote walilindwa na sauti zile zile kumi na moja. Waliokuwa tishio la vioo wamekuwa walinzi wake.

Alhamisi iliyopita lori lilipanda ngazi za mlima Ngomo likitokea Uvira, jirani na Bujumbura, na ndani yake, kati ya magunia ya chumvi, kulikuwa na kioo cha 404 kimefungwa ndani ya godoro. Miezi kumi na mmoja. Nukta kumi na saba. Fundi wa Nyawera alikata mpira wa kioo cha zamani, akakivuta kidogo tu, kikamwachia vipande viwili mikononi, pale pale ufa ulipopita.

Muzee Marcellin alikuwa amesimama karibu. Alitazama vipande, akamtazama shofere wake. “Ilikungojea,” alisema, na funguo, alizokuwa amezishika wakati wote wa kazi, akazirudisha mkononi mwa Bisimwa.

Furaha ya Bisimwa haina adabu. Amekipeleka kipande chenye nukta nyumbani, na Monique amekitundika ukutani jikoni, karibu na rozari. Muzee Marcellin anatafuta sasa gari la pili, na Bisimwa ameshampa jina la shofere wa kuliendesha. Kila Jumapili baada ya misa anamfundisha Venant kuendesha, kwenye uwanja mtupu. “Mutu mwenye aliweza kugusa kile kioo miezi tano bila kukiumiza,” alisema, “usukani itamushinda?”

Jumatatu hii mwandishi alipanda tena. Saa moja kasoro robo, nyekundu. Vitambaa kumi na kimoja vikainuka. Na Bisimwa, kwa mara ya kwanza tangu sheria ile ipite, aliwasha taa za gari.

Hakuna aliyesogea ila Venant. Alichovya vidole viwili, akagusa ile pembe ya juu kulia kama alivyozoea, akarudi nyuma.

Bisimwa alitoa kichwa dirishani. “Venant,” alisema. “Leo yote. Na ufinye.”

Venant alimtazama Maman Cibalonza, naye akatikisa kichwa kukubali. Akaloweka kitambaa, akakikamua, akapanda na goti moja juu ya boneti, akafinya kwa mikono yote miwili, kutoka pembe hadi pembe. Taa iligeuka kijani akiwa bado nusu ya kazi. Nyuma yetu hakuna aliyepiga honi.