Taa Inayozimika Wakati wa Rozari

Mbinga hii, ukitaka taa inayojiwasha ukiingia sebuleni, utaelekezwa kwangu, na sioni haya kulisema. Kwa hiyo Bibi Kolumba aliponiita tena akilalamika kwamba taa yake inazimika katikati ya rozari, nilikereka. Kihisio, kile kidude cha ukutani kinachomwona mtu, nilikuwa nimeshakibadilisha. Nikazunguka sebule nzima kukijaribu, na taa ikawaka vizuri tu.

"Bibi, hiki ni kizima. Hata kwangu nimefunga hivihivi, na taa haijawahi kuzimika tukiwa sebuleni."

"Basi kaa tusali, mjukuu wangu."

Wanajumuiya, majirani wanaosali naye, walishajaa. Tukapiga magoti, na kabla ya tendo la pili la rozari giza likatuangukia. Nikaruka kukimbilia swichi, taa ikawaka. Nikapiga magoti tena, tukatulia, ikazimika. Hapo ndipo nilipong'amua: kidude kinamwona anayesogea tu, anayesali hakimwoni! Nikawaeleza kwa majivuno, kama profesa.

Bibi akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe. Na kwako haijawahi kuzimika?"

"Hata mara moja, Bibi!"

Jumuiya nzima ikaangua kicheko kabla sijatambua nilichosema.