Siku Nilipotangaza Ufufuo wa Kamanda Radi

Mke wangu hapendi niisimulie habari hii, kwa sababu siku ile kanisani alikaa benchi la tatu na aliona kila kitu. Lakini kwa kuwa watu wa Moshono bado wanaisimulia, tena wanaongeza chumvi, afadhali niseme mwenyewe: ni kweli, nilijiaibisha, na hakuna aliyenisukuma.

Mzee Jayanti, mwenye duka la vitu vya watoto pale mjini, aliagiza maroboti ya plastiki mengi kuliko watoto waliopo, yakakaa stoo yakila vumbi. Mimi nilikuwa mtangazaji wa televisheni moja ndogo ya hapa Arusha, mwenye sauti nzito na kazi chache. Basi tukaanzisha tamthilia ya watoto ya mambo ya anga za juu: meza ya kulia chakula ndiyo sayari, tukaimwagia mchanga mweusi wa mlimani, chombo cha angani kinaning'inia kwa uzi wa cherehani, na mimi nimejikunja chini ya meza nayasogeza maroboti na kuyasemea yote (mara mbili mkono wangu ulionekana, watoto wakauliza lile zimwi lenye saa ni nani). Shujaa alikuwa Kamanda Radi, mwekundu, macho yanawaka. Adui alikuwa Kutu, wa kijivu, mwenye pembe.

Ikashika, jamani! Jumamosi saa kumi jioni, kuanzia Sokon hadi Usa River, mtoto hatumwi dukani akaenda. Barabarani wananiamkia, "Shikamoo Kamanda," na mimi, mtu mzima, naitikia marahaba.

Sasa maroboti ya Radi yakaisha dukani, wakabaki akina Kutu makatoni kwa makatoni, maana nani anamnunulia mwanawe adui? Mzee Jayanti akaniita, akanimiminia chai.

"Eliudi, huyu Radi muue. Kutu akishinda, watoto watamtaka Kutu."

Nikasema sawa, Mzee. Sawa moja tu, ndiyo iliyonimaliza. Kwenye kipindi cha Jumamosi hiyo nikamuua Radi kwa kiberiti, kichwa kikayeyuka hewani watoto wote wakiona, na sauti ya kukata roho niliitoa vizuri mno, nikajipongeza.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya mavuno. Nikapeleka kanisani Kutu mmoja mpya ndani ya boksi, atiwe mnadani kama sadaka. Kwa kuwa najulikana, nikaitwa mbele ninadi mwenyewe. Jogoo alikwenda, mkungu wa ndizi ukagombewa, nikamwinua Kutu. Ndipo Upendo, binti wa jirani yetu, wa miaka sita, rafiki wa mwanangu Sia, akapanda juu ya benchi.

"Baba Sia, kwa nini umemuua Radi?"

Akaangua kilio. Wa pembeni yake akadaka, wa nyuma wakadaka, mpaka watoto wa kwaya na majoho yao wakawa wanalia.

Hapo mtu mwenye akili angeomba radhi akakae. Mimi maikrofoni ilikuwa mkononi, nikatoa sauti ya Radi: "Watoto wa dunia, msilie! Siku ya tatu nitafufuka!"

(Nilikuwa nahesabu Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, ambayo ndiyo siku yetu ya kurekodi. Naapa sikuwaza kingine.)

Watoto wakapiga makofi. Wakubwa wakamgeukia Mchungaji. Upendo peke yake akaitikia, "Amina!" Mchungaji akashuka taratibu, akaichukua maikrofoni, wala hakufoka.

"Ndugu Eliudi, aliyefufuka siku ya tatu tunamfahamu. Nenda ukakae."

Nilikwenda. Mke wangu alisogea, lakini si kunipa nafasi, bali kwenda benchi la akina mama.

Na ahadi nimeshatoa! Radi hakuna tena dukani, basi Jumatatu nikachukua Kutu, nikamkata pembe, nikampaka rangi ya kucha nyekundu ya mke wangu. Alipoonyeshwa Jumamosi, watoto walimtambua kuwa ni Kutu kabla hajamaliza kusema neno. Wazazi wakapiga simu siku nzima, wengine kwa ajili ya kanisa, wengine kwa ajili ya uongo, na bosi wangu akaifuta tamthilia wiki hiyohiyo. Mzee Jayanti hakunilaumu, alisema tu kwamba sasa atauza baiskeli.

Siku chache baadaye Upendo akaja mlangoni na Radi wake mwenyewe, mkono mmoja hana.

"Mtumie huyu, lakini umrudishe."

Nikamwambia kipindi kimekwisha, kosa ni langu, anisamehe. Akanitazama, akamrudisha Radi kifuani.

"Basi nitamsemea mwenyewe," akasema, akaondoka akijaribu kuifanya sauti yake iwe nzito.

Siku hizi nasoma bei za mazao na matangazo ya vifo, na nimeapa: kiumbe anayependwa na mtoto, hata awe wa plastiki, simgusi tena mpaka nimuulize kwanza mtoto mwenyewe.