Bei Tuliyopatana Chini ya Shuka

Siku ya kwanza kazini, Msimamizi wa shamba la sungura pale Garissa alinipakatisha jike mweupe, akaniuliza, "Wa bei gani huyu?"

Nikampima kwa mkono. "Kilo nne. Zidisha kwa bei ya nyama."

"Wariyaa, umeuza kitoweo! Babu yake umemsahau?"

Shule niliiacha darasa la tatu, lakini somo hilo sijalisahau. Sungura wa asili safi ni yule ambaye wazazi wake, babu zake na bibi zake wote ni wa aina moja. Bei yake huanzia chakula alichokula tangu kuachishwa ziwa. Kisha unaongeza ukoo, alama ya sikioni, meno yaliyokutana sawasawa, na mama yake huzaa wangapi na hulea wangapi. Ukipunguza, unamuua mfugaji. Ukipandisha mno, mnunuzi harudi. Sokoni walinicheka: "Adeer, hao paka wako wa masikio marefu wanakamwa?" Wacha wacheke. Nyumba yangu ya mawe ilijengwa na paka hao.

Nikapelekwa Masalani, chini ya Afisa wa Mifugo aliyezoea kusema, "Bei isiyoelezeka ni wizi." Halafu Bura. Huko nilikuwa dalali wa mjane mmoja tuliyemwita Eeddo Habiba, yaani shangazi, nikamuuzia jike wake bora. Mnunuzi alikuwa mchuuzi wa nyama, na wachuuzi wenzake walisimama pembeni wakingoja. Mjane akiuza kwa bei ya nyama, kesho soko zima litadai hiyo hiyo, na vizimba vyake vitabaki vitupu.

Tulipatana kama madalali wa ngamia: mikono imeshikana chini ya shuka, vidole ndivyo vinavyosema, kidole kimoja elfu moja, na walio pembeni hawajui kitu. Mchuuzi akabana kidole changu kimoja. Nikambana vinne. Akarudia kimoja. Nikarudia vinne.

Mzee jirani akapita, akamwombea dua marehemu mume wa Eeddo Habiba. Wote wakainua viganja. Mchuuzi akachomoa mkono wake, akainua yote miwili, nikaiona, minene, inang'aa mafuta. Mimi niliinua wa kushoto tu. Wa kulia ulikuwa bado umeshikwa.

Ulikuwa mkono mwembamba, mkavu, bila tone la jasho katika jua lile. Ukavipapasa vidole vyangu vinne, ukakikunja kimoja polepole, ukavibana vitatu vilivyobaki.

Nikapiga hesabu moyoni: chakula, ukoo, alama, meno. Elfu tatu kweli. Ile elfu ya nne ilikuwa kiburi changu.

"Elfu tatu," nikasema kwa sauti, kinyume cha desturi.

"Mbona unatangaza, wal..." Mchuuzi akarudi hatua nyuma. Alikuwa akitazama shuka lake likitikisika juu ya mkono wangu mmoja. "Haya, tatu. Astaghfirullah. Tatu."

Akalipa, akambeba jike, akaenda. Shuka hakulirudia.

"Walaal, ndugu yangu, mbona umelowa jasho hivyo?" Eeddo Habiba akauliza.

"Jua," nikamjibu. Ule mkono ulichelewa kuniachia.

Sasa nimestaafu. Vizimba vya Eeddo Habiba vimejaa, wanunuzi humfuata hata kutoka Dadaab, na hakuna anayemtajia bei ya nyama. Vijana mnanipigia simu kuuliza siri ya bei ya haki. Siri hakuna: ieleze mbele ya watu. Na tangu siku ile hadi nilipostaafu, mnunuzi akinitandikia shuka, nilimwambia aliondoe. Mikono juu ya kizimba, bwana. Yangu miwili, yako miwili, niione yote minne.