Koti la Askari, Goti la Chukudu

Siku ile naikumbuka, mwanangu, hadi rangi ya kitenge alichovaa yule mama. Nimekuona umepanga picha zangu kuukuu mezani, na nyuma ya kila kijana mwenye koti la jeshi unaandika "kadogo", askari mtoto. Weka kalamu chini kwanza. Mimi pia niliwahi kuandika hivyo, tena kwa mwandiko mzuri kuliko wako.

Nilikuwa msichana mwenye majivuno ya kumaliza sekondari, na juma hilohilo nilikuwa nimeanza kazi katika studio ya picha ya Papa Anselmi, pale Katoyi, mjini Goma. Vita vya Masisi vilikuwa vimejaza watu Goma. Kazi yangu ilikuwa kukaa mezani na kutunza sanduku la picha ambazo wenyewe hawajarudi kuzichukua.

Basi akaingia Mama Furaha, mkulima wa Masisi. Siku walipokimbia alipotezana na mwanawe Bahati, na kwa miezi mitatu alimtafuta kambi kwa kambi, mpaka mtu akamwambia kijana ameonekana karibu na studio yetu. Nikamfungulia sanduku. Kwenye picha ya kumi hivi akapiga vigelegele: ni yeye! Nikachungulia. Kijana kavaa koti la jeshi, kashika bunduki.

"Pole, mama," nikasema, utadhani hakimu. "Mutoto yako ni soda, ni askari. Usimutafute huku mujini, alienda na benzake ku vita."

Furaha ikamkatika usoni. Akaifunga picha kwenye kitenge, akasema atapanda tena milimani kumwomba komanda amrudishie mtoto. Huko risasi zilikuwa bado zinalia. Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Nilikuwa nimemtuma mama wa watu kwenye kifo.

Mungu si Athumani, mlangoni akakutana na Papa Anselmi anatoka misa. Muzee akaiomba ile picha, akaitazama, akaniita bila kupandisha sauti. Heri angenifokea.

"Binti, hii koti iko ya nani?"

Nikageuka. Koti lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma yangu, limekosa kifungo cha pili, vilevile kama pichani. Kila asubuhi nililikung'uta vumbi mimi mwenyewe! Vijana waliliazima ili wapigwe picha tu, pamoja na bunduki ya mbao aliyoichonga muzee, na mgongoni alilibana kwa vibanio vya nguo ili liwakae.

"Umesoma koti," akasema. "Sasa soma mutu."

Nikatazama tena. Suruali ya Bahati ilikuwa imetoboka goti moja tu, na kandambili ya mguu wa pili imelika hadi kisigino. Mama Furaha akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Nani Goma asiyejua? Anayeendesha chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili, hupiga goti moja juu ya ubao, na mguu wa pili ndio unaosukuma.

Tukaenda watatu hadi mteremko wa Munigi, wanakopita wenye chukudu wakishusha mizigo. Hatukungoja sana. Bahati akatokea na magunia ya makabichi, akamwona mama yake, akasahau breki. Makabichi yakatapakaa barabara nzima. Mama akamkumbatia, kisha akamzaba kibao kidogo.

"Koti ya soda ulivalia nini?"

"Mama, muzee aliniambia nichague koti ao kravate. Kravate ilikuwa inanuka samaki ya sambaza!"

Papa Anselmi alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe la volkano. Tai ilikuwa yake.

Mwanangu, sikufichi: humo sandukuni wamo waliokuwa makadogo kweli, na hao nao walikuwa na mama zao. Ila usimpe mtu jina kwa sababu ya nguo. Tazama mikono, magoti, viatu, kisha uulize, maana kuuliza si ujinga. Usipopata jibu, acha nyuma ya picha peupe, ili mama yake akija apate pa kuandika jina alilompa yeye.

Mungu akujalie macho yasiyo na haraka. Na siku wewe ukipotea, akuletee mtu wa kukutazama hadi magotini.