Tone la Oili Chini ya Kigari

Nakumbuka Jumapili moja asubuhi, mwanangu, nilipiga goti kwenye uwanja wa zamani wa kukaushia mkonge, nje kidogo ya mji wa Lindi, nikaona tone la oili chini ya kigari. Nilikuwa na miaka ishirini. Nililifuta kwa kidole gumba, nikajipangusa kwenye kanga, nikasimama wima kama mtu asiyeona kitu.

Usinicheke kwamba nakusimulia habari za kigari cha kuchezea. Hiki hakikuwa kile cha plastiki wanachonunuliwa watoto sikukuu ya Idi. Kiliendeshwa kwa rimoti, ndiyo, na urefu wake ulikuwa dhiraa moja tu, lakini kilikuwa na injini ya mafuta, chasisi ya chuma na matairi yenye meno. Ukikibeba, kilikuwa na uzito wa jogoo mkubwa. Kikifunguliwa kwenye uwanja mtupu, hata bodaboda za siku hizi zingekiacha kwa shida.

Mwenye kigari alikuwa Imtiaz, mtoto wa Mzee Gulam, aliyekuwa na duka la spea za baiskeli na za mashine za kusaga. Mimi pale dukani nilikuwa mfagiaji. Shule niliiacha darasa la tano, mama alipofariki, na mwaka uliofuata baba naye akamfuata. Tukabaki watatu: mimi Somoe, mkubwa wao; mdogo wangu Athumani, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na minane na akibeba magunia kwenye ghala la korosho; na Salma, kitinda mimba, aliyekuwa darasa la tatu. Tulitoka kijijini Rutamba tukaja kupanga chumba kimoja mjini, na ndani ya chumba hicho nilikuwa mama na baba.

Baba yetu mdogo, aliyekuwa akilima kijiji cha Likawage, hakulipenda jambo hilo. Alikuja mara moja, akakaa mkekani, akatutazama mmoja mmoja.

"Somoe, mtoto halelewi na mtoto," alisema. "Nikirudi baada ya mavuno nikute una kazi ya maana. Nikikukuta bado na ufagio, Salma namchukua."

Salma alikuwa nyuma yangu, ameshika upindo wa kanga yangu. Tangu siku hiyo kila nilichokifanya nilikifanya kwa ajili ya kauli ile.

Kazi ya maana niliipata karibu na miguu yangu mwenyewe. Imtiaz alikuwa akivifungua vigari vyake kwenye kibanda cha nyuma ya duka, nami nikifagia nilikuwa natazama. Siku moja aliangusha beringi ndogo kama punje ya mtama, akatukana, nikaiokota na kuirudisha mahali pake kabla hajamaliza tusi. Akanitazama. "Wewe una vidole," akasema. Baada ya hapo akawa ananiachia difu.

Difu, mwanangu, ni kikombe cha gia kinachoyaruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa mwendo tofauti kwenye kona. Kigari kile kilikuwa nazo tatu, ya mbele, ya kati na ya nyuma, na ndani ya kila moja unatia oili ya silikoni. Uzito wa ile oili ndio unaoamua gari litakavyokata kona. Nyuma ukitia nyepesi, linashika ardhi vizuri kwenye mchanga. Ukitia nzito mno, linakuyumbia mkia. Hakuna aliyenifundisha hesabu yake. Nilikuwa nazungusha gurudumu moja kwa mkono na kuhisi jingine likirudi kinyume, na vidole vikaniambia kama imezidi au imepungua. Imtiaz alishangaa, kisha akazoea, kisha akaacha kabisa kukagua kazi yangu.

Basi wakapatikana wageni kutoka Mtwara, nao wana vigari vyao, wakaja kushindana. Siku ya Ijumaa Imtiaz aliniambia, "Somoe, gari likitembea vizuri Jumapili, ufagio tunampa mtu mwingine. Kibanda cha nyuma kitakuwa chako." Mavuno yalikuwa yamekwisha. Baba mdogo alikuwa ametuma salamu kwamba anakuja karibuni.

Jumamosi alasiri niliifungua difu ya nyuma kubadilisha oili, kwa sababu uwanja ulikuwa umekauka. Nikaharakisha. Gasketi yake, kijikaratasi chembamba kinachokaa kati ya kikombe na kifuniko, ikachanika. Nilitafuta nyingine kwenye kopo la spea, sikuona. Nikafanya wanavyofanya mafundi wetu wote wa mashine za kusaga: nikachukua boksi la sigara, nikalikata kwa wembe nikifuatisha umbo la ile iliyochanika, nikatoboa matundu ya skrubu, nikafunga. Kwenye kabureta ya mashine kipande kama kile hudumu miezi. Lakini difu inazunguka kwa kasi na kupata moto, oili inasukuma kutafuta pa kutokea, na karatasi ya sigara inainywa.

Ndiyo sababu asubuhi ile, nilipoliona tone, sikuhitaji kuuliza limetoka wapi.

Wageni walikuwa na mizaha. Mmoja wao, mwenye kofia ya jua, alinionesha kwa kidevu. "Ee bwana Imtiaz, fundi wako ni huyu? Tungemletea na masufuria asugue!"

"Subiri umeze vumbi lake," Imtiaz akajibu, na watu wakacheka. Kisha akanigeukia, huku macho yake yako kwenye antena ya rimoti. "Somoe, difu ya nyuma iko sawa?"

Mwanangu, nimeishi miaka mingi na swali hilo. Lilikuwa swali jepesi, na jibu lake lilikuwa jepesi vilevile. Akilini nilimwona Salma akiondoka na baba mdogo. Nikamwona yule mwenye kofia akicheka.

"Iko sawa, bosi," nikasema.

Athumani alikuwa kwenye kona ya mwisho. Mashindano yale yanataka watu wa kusimama kwenye kona, wakinyanyua vigari vinavyopinduka, na yeye alijitolea kwa sababu ya soda na kwa sababu alitaka kuona kazi ya dada yake. Kabla hawajaanza alinipungia mkono na kupiga kelele, "Dada, leo ninakula pilau kwako!"

Mzunguko wa kwanza kigari chetu kilikwenda kama kimefungwa kamba kwenye njia. Watu wa Lindi wakapiga vigelegele. Kadiri dakika zilivyokwenda nilianza kusikia sauti nyembamba ya kukwaruza, kama kijiko kwenye sufuria lililoungua. Hakuna mwingine aliyeisikia. Nilijua kwamba gia zinasagana zikiwa kavu. Mdomo wangu ulikuwa wazi, nakumbuka nilivyohisi vumbi linaingia, na bado sikutoa neno.

Kigari cha Mtwara kilipinduka kwenye kona ya mwisho. Athumani akaingia kukinyanyua, mgongo wake kaupa uwanja. Chetu kikaja kwa kasi yote. Jino la gia likakatika, likakwama, magurudumu ya nyuma yakashikwa ghafla. Kigari kikaruka tuta kikiwa ubavu na kumpata mdogo wangu chini ya goti.

Sitakueleza nilichokiona. Mfupa ulitoka nje na mchanga ukaingia ndani. Tulimbeba hospitali kwa pikapu ya Mzee Gulam. Kidonda kikaanza kuoza, na siku ya tisa daktari akaniita pembeni. Nilitia dole gumba kwenye karatasi ya ruhusa, hilihili dole, ingawa kuandika jina langu nilikuwa najua. Kalamu iliniponyoka mara mbili. Wakamkata mguu chini ya goti.

Alipozinduka aliniuliza, "Dada, gari lilikuwa na nini?"

"Sijui," nikasema. Uongo wa pili, mwanangu, huja bila kuitwa.

Mzee Gulam ndiye aliyeifungua ile difu. Aliniita dukani, hakunikaribisha kukaa. Juu ya kaunta alikuwa ameweka kipande cha boksi la sigara, kimelowa, kimechanika upande mmoja.

"Hii umekata wewe?"

"Mimi, mzee."

"Ilianza kuvuja lini?"

"Asubuhi ile, kabla ya kuanza."

"Nani mwingine aliona?"

"Hakuna."

Mteja aliingia kuulizia mnyororo wa baiskeli, Mzee Gulam akamwonesha mlango kwa mkono. Kisha akasema, "Mwanangu alikuuliza. Kwa nini hukumwambia?"

"Ningekosa kazi, mzee. Wangenichukulia Salma."

"Imtiaz alikwambia atakufukuza?"

Nikafikiri. Nilitafuta siku aliyoniambia hivyo, sikuipata. Mzee Gulam akainama chini ya kaunta, akatoa kisanduku ambacho Imtiaz hupeleka uwanjani kila mara, akakifungua. Ndani, kwenye karatasi ya nailoni, palikuwa na difu nzima ya nyuma, imekwisha kutiwa oili, imekwisha kufungwa.

"Dakika kumi," alisema. "Mngetoa hiyo na kutia hii, wageni wakinywa soda." Sauti haikupanda. "Kuchana karatasi, kila fundi anachana. Mimi nimechana mpaka nimezeeka. Nenda sasa kamwambie mdogo wako. Asisikie kwa mtu."

Nilikwenda. Njiani nilipanga maneno, nikafika yamekwisha yote. Nilisimama miguuni pa kitanda, pale ambapo shuka lilikuwa limelala tambarare upande mmoja, nikamwambia: nilijua. Niliona oili, nikaifuta, nikasema iko sawa.

Athumani alinitazama kisha akatazama ukuta. Akasema, "Nimekusamehe, Dada. Lakini leo usinikalie karibu."

Nikatoka nikakaa barazani na wagonjwa wengine mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha.

Baba mdogo alifika wiki ile. Hakupiga kelele. Alikusanya nguo za Salma kwenye mfuko, na Salma hakulia mpaka walipopinda kona. Alikulia Likawage, akaolewa hukohuko, na ananiita dada kama anavyoita mtu yeyote aliyemzidi umri. Athumani amekaa nami hadi leo. Anashona viatu, na ni mcheshi kwa wateja. Tunakula sahani moja. Lakini pilau hajawahi kuniomba tena, nami sijawahi kuthubutu kuipika.

Kazi ya kibanda, mwanangu, nilipewa. Mzee Gulam alinirudisha mwezi uliofuata, Salma akiwa amekwisha kwenda, na nimeifanya mpaka macho yalipoanza kunikataa. Sikukuambia mapema kwa sababu isingekufaa kuisikia kama ushindi.

Ninachokuomba ni kidogo. Utaharibu vitu, mikono inayofanya kazi huharibu. Ukiharibu kitu, sema kabla hakijawashwa. Sema hata kama wanaokucheka wamesimama hapohapo, na hata kama mkate wa wadogo zako uko kwenye lile jibu, kwa maana nami nilidhani ninawalinda wangu. Usiamue peke yako kwamba bosi hatakuelewa. Mpe nafasi ya kukuelewa au ya kukufukuza. Akikufukuza utatafuta kazi nyingine, lakini mguu wa mtu hutaupata popote. Na ukihisi jibu limefika mdomoni haraka kuliko swali lenyewe, nyamaza kwanza, lirudishe, litazame. Siku wewe utakapokuwa mkubwa wa kazi, ukimuuliza mtu wako kama mambo yako tayari, acha ulichokishika, umtazame usoni. Imtiaz aliniambia mwenyewe, akiwa mtu mzima mwenye mvi, kwamba hilo ndilo linalomsumbua.

Mwenyezi Mungu akupe riziki ya halali kwenye mikono yako, na akupe wakubwa wa kazi unaoweza kuwaambia ukweli bila kutetemeka. Akuwekee nduguzo wazima, viungo vyao vyote, wakuzunguke uzeeni mwako. Na ukiwahi kusimama miguuni pa kitanda kama nilivyosimama mimi, basi akujalie usiwe na neno lolote la kuficha.